Filamu ya Zamani ya Afya ya Umma Haionekani: Dalili, Sababu na Njia za Kuipata

Mtu wa Lamu anayetafuta filamu fupi ya zamani kuhusu afya ya umma, iwe inahusu chanjo ya ndui, kichocho, matende au usafi wa visima, kwa kawaida huandika maneno mawili matatu kwenye simu, hukosa, kisha huilaumu intaneti ya kisiwani. Lawama hiyo mara nyingi haistahili. Filamu hizi hukwama kabla hazijaufikia mnara wa simu: katika jina, katika orodha za hifadhi, katika muundo wa faili, au katika ruhusa ya mwenye mali. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mambo yasiyokula data na kuyaacha ya mtandao mpaka zamu yake ifike, nami ningemwomba msomaji asiruke sehemu ya kwanza hata kama anadhani anaijua vyema filamu anayoitaka.

Dalili: jina limetafutwa na hakuna kinachotokea

Sababu iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba jina ulilonalo silo lililoandikwa kwenye katalogi. Waliozitazama filamu hizi uwanjani, wakati maofisa wa afya walipofunga kitambaa cheupe na kuwasha mtambo wa sinema, hawakushughulika na majina. Walichoondoka nacho ni picha ya mtoto mwenye tumbo lililojaa, mwanamke anayechota maji kisimani, au daktari anayechanja mkono. Ukipewa jina na mzee wako, lichukue kama maelezo ya filamu, usilichukue kama anwani yake. Tafuta kwa ugonjwa, mahali, mwongo wa miaka na mtengenezaji, na uyachanganye hayo manne kwa namna mbalimbali.

Katalogi nyingi zinazohusika zimeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha zamani wakati mwingine, hivyo inakubidi uandike kama karani wa enzi hizo. Kichocho kitafutwe kwa "bilharzia" na pia kwa "schistosomiasis". Matende kwa "elephantiasis" na kwa "filariasis". Safura kwa "hookworm". Ndui kwa "smallpox" na kwa "variola". Majina ya mahali nayo yana vituko vyake. Filamu ya Tanzania bara iliyopigwa kabla ya 1964 itakuwa chini ya Tanganyika, na anayetafuta Tanzania peke yake ataipita bila kuiona. Mgonjwa wa mwisho duniani aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, Somalia, mwezi Oktoba 1977, nao ni mji ulio kaskazini zaidi kwenye pwani hii hii yetu; kwa hiyo anayetaka filamu za mwisho wa ndui asijifunge na neno Kenya, na ajaribu mji huo kwa tahajia zake tatu, yaani Merka, Merca na Marka.

Ikiwa mwaka haujulikani, filamu yenyewe au kumbukumbu ya aliyeiona hutoa dalili za kutosha za kuukisia. Nembo ya Shirika la Afya Duniani inaonyesha kwamba filamu haikutangulia 1948, ambao ndio mwaka shirika hilo lilipoanza kazi. Nembo ya AMREF, shirika la tiba lililoanza kwa madaktari wa ndege, huisogeza hadi 1957 au baada yake, na ya KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, hadi 1979 au baada yake. Maneno "Voice of Kenya" mwishoni yanakuweka kati ya 1964, serikali ilipoichukua idhaa, na 1989, jina la Shirika la Utangazaji la Kenya liliporudi. Filamu inayoizungumzia ndui kama hatari iliyopo ni ya kabla ya 1980, mwaka ambao Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulitangaza kuwa ugonjwa huo umekwisha, na inayohubiri huduma ya afya ya msingi kwa kila kijiji kwa kawaida imekuja baada ya azimio la Alma-Ata la 1978. Kukisia kwa namna hii kunakatisha utafutaji wa wiki nzima, wala hakuhitaji hata senti ya data.

Mtengenezaji ni ufunguo mwingine, na kwa Afrika Mashariki yapo majina mawili ya Kiingereza yanayofaa kuandikwa kama yalivyo. La kwanza ni Bantu Educational Kinema Experiment, mradi uliopiga filamu 35 kati ya 1935 na 1937 ukiwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, zikiwemo za afya, na mojawapo ya chache zilizosalia ni ya minyoo ya safura. La pili ni Colonial Film Unit, kitengo cha serikali ya Uingereza kilichofanya kazi kuanzia 1939 hadi 1955. Tofauti na filamu za biashara, za namna hii mara nyingi zimeorodheshwa kwa jina la kitengo, na jina la mwongozaji halionekani popote.

Majina hayo yakiwa mkononi, ingia moja kwa moja kwenye hifadhi zenyewe, kwa sababu mitambo ya kawaida ya kutafuta haichimbi hadi ndani ya katalogi zote. Wellcome Collection ya London ina filamu nyingi za tiba na afya ambazo huruhusu watu kuzitazama mtandaoni. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyoko Bethesda, imeweka wazi filamu zake nyingi za afya. Internet Archive imehifadhi maelfu ya filamu za elimu, zikiwemo zile za mkusanyiko wa Prelinger. Kwa filamu za makoloni ya Waingereza upo mradi wa Colonial Film, wenye maelezo ya filamu zaidi ya 6,000, ingawa zinazotazamika hapo hapo ni kama 150 tu. Tofauti ya hesabu hizo mbili iwekwe akilini, maana inaeleza hasira ya watu wengi: kuonekana kwa jina kwenye katalogi hakumaanishi kwamba filamu yenyewe ipo mtandaoni.

Neno moja zaidi kuhusu urefu, kwa kuwa huwachanganya hata wazoefu. Katalogi za zamani hupima filamu kwa futi. Ya milimita 16 yenye sauti hupita kwenye mtambo kwa futi 36 kila dakika, hivyo "400 ft" ni filamu ya dakika 11 hivi. Ya milimita 35 hupita kwa futi 90, kwa hiyo futi 1,000 nazo huja dakika 11. Nakala iliyopitia televisheni ya mfumo wa PAL, ambao ndio wetu, huwa fupi kwa asilimia 4, kwa kuwa picha 24 za kila sekunde huchezwa 25. Ukiona filamu ya dakika 25 imeandikwa dakika 24 mahali pengine, usidhani kwamba imekatwa. Huenda ni ile ile.

Dalili: ukurasa unafunguka, lakini pa video pana kisanduku cheusi au kijivu

Hapa sababu karibu daima ni umri wa ukurasa. Tovuti nyingi za miaka ya 2000 zilionyesha video kwa Flash, programu ambayo Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na vivinjari vyote vikubwa vimeiondoa. Kubadilisha simu au kivinjari hakusaidii, na yeyote anayekuahidi Flash ya kupakua leo anakuuzia virusi.

Fungua ukurasa huo kwenye kompyuta, ya saiba inatosha, kisha utazame msimbo wake wa ndani na utafute maneno yanayoishia kwa .flv, .mp4, .mov, .wmv au .rm. Hilo ndilo jina la faili. Anwani yake ikiwa nzima, ibandike juu kwenye kivinjari. Mara nyingine faili bado lipo kwenye seva na kilichokufa ni kichezeshi tu. Ikishindikana, ipeleke anwani hiyo hiyo ya faili kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, badala ya ile ya ukurasa, kwa sababu mashine hiyo huhifadhi kurasa kwa wingi lakini video kwa nadra. Hata zote zikigoma, jina la faili lenyewe, likitafutwa peke yake, huweza kuzalisha nakala iliyohamishiwa kwingine.

Dalili: maandishi yanasema video haipatikani katika nchi yako

Mwenye filamu ameifungia nchi fulani. BFI Player, tovuti ya filamu ya Taasisi ya Filamu ya Uingereza, kwa mfano, ni ya watazamaji walio Uingereza. Wapo watakaokushauri utumie VPN, programu inayoficha nchi uliyomo. Mimi sishauri, kwa sababu unavunja masharti ya mwenye mali na unazidi kuipunguza kasi ambayo tayari ni ndogo. Jambo lenye tija ni kukumbuka kwamba filamu za afya zilitolewa nakala nyingi ili zisambazwe makoloni na majimbo tofauti, hivyo filamu iliyofungwa London huenda iko wazi Marekani. Chukua jina lake kamili na mwaka, urudi kwenye hifadhi nilizotaja juu.

Dalili: inaanza, inasimama, inaanza tena

Sasa ndipo intaneti inapopewa lawama yake. Usiitazame moja kwa moja, ipakue kwanza. Filamu ya dakika 20 kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 150, na kila inapokatika ukairudia tangu mwanzo huenda ukazilipia mara mbili. Kwenye Internet Archive orodha ya faili iko chini ya kichezeshi, na hapo ni rahisi kujikwaa: faili la asili huwa la MPEG-2 lenye uzito mara kadhaa ya lile la MP4 lililotengenezwa kutokana nalo, na kwa macho ya kawaida, kwa filamu iliyopigwa zamani hivyo, tofauti ni ndogo. Chukua la MP4.

Nyumba za mawe za mji wa kale zina kuta nene za matumbawe, na simu iliyo na mawimbi kamili juu ya paa inaweza kuwa haina kitu chumba cha chini. Iache simu darini ipakue alfajiri, watu wakiwa bado wamelala, kisha ushuke nayo.

Anayekwenda kupakua saiba na kurudi na flashi atakutana na kioja kimoja: flashi ina nafasi tele lakini inakataa faili kwa madai kwamba imejaa au kwamba faili ni kubwa mno. Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja la kuzidi gigabaiti 4. Ihamishe data yake, uipange upya kwa exFAT, na itapokea.

Dalili: faili limeshuka salama, lakini halifunguki, halina sauti, au watu wanakimbia kama wamefukuzwa

Faili lisilofunguka kwenye simu kwa kawaida limefungwa kwa kodeki, yaani namna ya kubana video, ya zamani. VLC, programu ya bure ya kuchezea video, huyafungua karibu yote. Televisheni inayosoma flashi ni mkaidi zaidi, na kwa ajili yake inafaa faili ligeuzwe kwa programu ya HandBrake liwe MP4 ya H.264.

Kuhusu sauti, kwanza hakikisha kwamba filamu ilikuwa nayo. Filamu nyingi za afya za kabla ya miaka ya 1950 zilipigwa bila sauti kwa makusudi, ili mtu asimame kando ya kitambaa na kueleza kwa lugha ya wenyeji. Kiswahili cha pwani kwa pwani, lugha nyingine kwa kwingine. Zile za Vugiri zilikuwa na sauti, lakini sauti hiyo ilikuwa kwenye sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha, hivyo ukanda wa picha ukipatikana bila santuri zake ni bubu, na hakuna programu itakayourudishia maneno. Anayetaka kuwaonyesha wanafunzi filamu ya namna hii asiione kuwa na kasoro. Aandike maelezo yake mwenyewe na ayasome picha zikipita, jinsi kazi hiyo ilivyokuwa ikifanywa, na kwa maoni yangu darasa hujifunza zaidi hivyo kuliko kwa kumsikiliza msimulizi wa Kiingereza cha 1950.

Kukimbia kwa watu nako kuna sababu ya namna hiyo. Filamu bubu mara nyingi ilipigwa kwa picha 16 kwa sekunde, na aliyeigeuza kuwa dijitali akaicheza kwa 24, yaani mara moja na nusu. Kwenye VLC punguza kasi hadi 0.67 na muuguzi ataacha kuchanja kama mshonaji aliyechelewa na sikukuu.

Dalili: unayo kanda au diski, lakini deki haitaki

Kabla kanda ya VHS haijaingizwa kwenye deki, ishike dirishani, jua lipenye kwenye kile kijidirisha chake cha plastiki, na utazame kingo za utepe uliozungushwa. Utepe mzima ni mweusi unaong'aa sawasawa. Ukiona ungauunga mweupe, au nyuzi laini kama za utando wa buibui zikipita juu ya kingo, hiyo ni kuvu, ambayo unyevu wa pwani huilea vizuri mno. Usiicheze. Itaambukiza vichwa vya deki, na deki itaambukiza kanda ya jirani. Iweke pakavu, isimame wima, na umtafute mtu mwenye deki ya kutupwa au mashine ya kusafishia.

Kanda safi inayotoa picha isiyo na rangi na inayopanda na kushuka kwa kawaida imerekodiwa kwa NTSC, mfumo wa Marekani, ilhali deki zetu ni za PAL. Dawa yake ni deki inayocheza mifumo yote miwili. Diski za DVD nazo hufungwa kwa maeneo ya dunia: iliyonunuliwa Marekani ni ya eneo namba 1, na ya Uingereza ni namba 2, ilhali Kenya imewekwa namba 5. Kompyuta yenye VLC mara nyingi huvuka kizuizi hicho pale deki inaposhindwa.

Ukanda wa filamu yenyewe wa milimita 16, ukibahatika kuupata kwenye sanduku la ofisi au la marehemu, unusishe pua tu kwanza. Harufu ya siki inaonyesha kwamba asetati, ile plastiki ya ukanda, imeanza kuoza. Ukanda huo hupungua urefu na kujikunja, na mtambo utaurarua. Utenge na mingine, kwa sababu mvuke wake huiharakisha kuoza iliyo mizima, na usijaribu kuucheza hata kama una mtambo unaofanya kazi. Upelekwe kwa wenye kazi yao.

Dalili: filamu ipo kwenye katalogi, ina namba, lakini haina mahali pa kubonyeza

Watafutaji wengi huishia hapa wakiamini kwamba wamefungiwa mlango, na hapa ndipo mimi naona pana matumaini kuliko kwote. Filamu haijageuzwa kuwa dijitali, au imegeuzwa na haijawekwa wazi, na katika hali zote mbili anayeandika barua nzuri hujibiwa.

Barua iwe fupi na iwe na namba ya rejea ya katalogi katika mstari wa kwanza, kwa kuwa mhifadhi hutafuta ghala kwa namba. Taja jina la filamu kama walivyoliandika wao, mwaka, na urefu. Kisha uliza maswali matatu yaliyotengana: ipo nakala ya kutazama au ni ile ya kuhifadhiwa tu? Imeshageuzwa kuwa dijitali? Na nani anamiliki haki zake? Eleza utakavyoitumia, kwamba ni kwa somo la shule ya msingi au kwa kikao cha wahudumu wa afya wa jamii, na taja idadi ya watazamaji, maana kiungo cha muda cha kutazamia faraghani hutolewa kwa wepesi kuliko ruhusa ya jumla. Barua inayotoka kwa mkutubi au mwalimu mkuu huwa na uzito kuliko ya mtu binafsi, hivyo usione haya kuomba msaada kwa watu wa makumbusho au wa maktaba iliyomo Ngomeni. Kwa filamu za serikali ya Kenya, pa kuuliza ni Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iliyoko Moi Avenue, Nairobi, na anayekwenda huko kwa shughuli nyingine ajiwekee nusu siku.

Suala la haki lisimtishe mtu bila sababu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inailinda kazi ya picha na sauti kwa miaka 50, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka ilipotengenezwa, ilipotolewa kwa umma au ilipochapishwa, wowote ulio wa mwisho. Filamu zilizotengenezwa na maofisa wa serikali ya Marekani wakiwa kazini hazina hakimiliki kwao tangu mwanzo. Za Uingereza zinaweza kuwa na hesabu ndefu zaidi huko kwao, na mhifadhi wa huko atafuata hesabu yake, kwa hiyo usibishane naye kwa sheria ya hapa. Kuionyesha hadharani, tofauti na kuitazama nyumbani, kunahitaji pia idhini ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya.

Mwishowe huja kiungo, na pamoja nacho malalamiko ya mwisho: namba za saa, dakika na sekunde zinakimbia chini ya picha, au jina la hifadhi limepigwa katikati ya uso wa daktari. Hiyo ni nakala ya kutazamia na imefanywa hivyo makusudi. Kwa darasa inatosha, na zile namba zina faida yake, kwani unaweza kuandika kwamba sehemu ya kisima inaanza dakika ya 4 na sekunde 10 na kila mwalimu akaikuta hapo hapo. Anayetaka isiyo na alama ataombwa ada, na kabla hajalipa aulize kama ni ada ya kutazama, ya kuigeuza filamu kuwa dijitali, au ya haki, kwa kuwa aliyelipia moja bado anaweza kudaiwa nyingine.